Friji haigandishi? Usijaze gesi kabla hujalivuta ukatazama nyuma

FundiChake

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Juzi niliitwa nyumba moja Machomane, hapahapa Chake, Pemba. Mama wa nyumba ana friza, lile la kufungua juu, anauza barafu za ukwaju na za maziwa kwa watoto wa skuli. Friza limejazwa gesi mara tatu tangu Ramadhani. Kila mara linagandisha wiki mbili tatu, kisha linarudi kulekule, barafu inakuwa laini, mfuko ukiushika unabonyea. Nikalivuta kutoka ukutani, nikapiga magoti na tochi. Kwa chini, pale mabomba yanapoingia kwenye kompresa, bomba moja limeliwa na kutu hadi lina magamba. Nikakoroga sabuni ya unga na maji kidogo, nikapaka povu kwa brashi ya rangi, nikangoja. Kikatutumka kipovu kimoja, kidogo kama punje ya mtama. Kikapasuka. Kikaja chengine pahala palepale.

Mafundi watatu wamemuuzia gesi yule mama, na hakuna hata mmoja aliyepiga magoti. Nilirudi nyumbani nimeumia, ndiyo maana naandika.

Jamani, gesi ya friji haiishi. Haitumiki kama mafuta ya taa au petroli. Imefungiwa ndani ya mabomba tangu kiwandani na huzunguka ileile miaka na miaka. Ikipungua, kuna tundu. Fundi akikwambia "gesi imeisha, tujaze", muulize: imetokea wapi? Akishindwa kukuonesha, usimpe pesa yako.

Wazee wetu walipoozea maji kwenye mtungi wa udongo. Maji hupenya taratibu, hutoka nje, upepo huyageuza mvuke, na mvuke ule huondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Friji hufanya kazi hiyohiyo, ila yenyewe mvuke wake haiuachii uende zake. Kompresa, lile dude jeusi la chini, huikandamiza gesi mpaka iwe ya moto. Gesi hupita kwenye mabomba ya nyuma au yaliyofichwa ubavuni, ikatoa joto lake nje na kuwa majimaji. Halafu hupenyezwa kwenye kibomba chembamba mno tunachokiita kapilari. Ikitokea upande wa pili inapata nafasi, inachemka ikiwa baridi, na kule kuchemka ndiko kunakonyonya joto la samaki wako. Kisha inarudi kwa kompresa, safari inaanza upya.

Ukishalijua hilo, mengi unayaona mwenyewe. Ubavu wa friji ukiwa moto si ugonjwa, hilo ni joto la chakula chako linatoka. Ugonjwa ni ubavu uwe baridi huku kompresa inanguruma mchana kutwa, au barafu ishike kipande kidogo tu mwanzoni mwa bomba la ndani na kwengine kote kukavu. Hapo ndipo gesi inaposhukiwa.

Lakini kabla ya gesi kuna mambo ambayo hayana gharama. Soketi iko imara au imeungua? Namba ya thamostati, kile kitufe cha kupangia baridi, iko ngapi? (Namba kubwa ndiyo baridi kali. Wengi huweka 1 wakidhani ndiyo baridi zaidi.) Friji imebanwa na ukuta? Iachie sentimita kumi nyuma, na juu iwe wazi. Watu huweka kitambaa cha kufuma juu, halafu redio, halafu mabeseni, na joto linakosa pa kutokea. Mpira wa mlango umekaza? Barafu ya ndani imeshakuwa nene kuliko nusu sentimita? Barafu nene ni kama blanketi, inalizuia joto lisifike kwenye bomba.

Na barafu hiyo msiichokoe kwa kisu, nawaombeni. Wete, mkesha wa Sikukuu, nimekuta friji nzima imetobolewa na ncha ya kisu cha jikoni. Binti aliniambia alisikia "fsss" akadhani ni barafu inapasuka. Ukuta ule wa ndani ni alumini laini na gesi inapita humo humo. Chomoa plagi, toa vitu, weka sufuria ya maji ya moto juu ya kitambaa kilichokunjwa, funga mlango dakika ishirini. Barafu itaachia yenyewe kwa mapande.

Jengine ni chumvi. Sisi tunaishi visiwani. Upepo unaotuletea samaki ndio unaokula chuma chetu. Kila mwezi chomoa friji, ivute, piga vumbi kwa brashi kavu, kisha futa mabomba kwa kitambaa cha maji baridi kilichokamuliwa, kausha. Ukiona kutu inaanza, futa na upake rangi ya kuzuia kutu. Usisugue kwa msasa mkali, utamaliza kazi iliyoanzwa na kutu.

Karibuni maswali. Nitajibu usiku nikitoka kazini.

BintiMkoani

Wa alaykum salaam fundi. Allah akulipe. Mimi ni friji ya milango miwili, isiyoshika barafu. Juu inagandisha vizuri, nyama inakuwa jiwe. Chini joto, mchicha unalala siku moja tu umeshanyong'onyea. Fundi wa mtaani kwetu amesema gesi.

FundiChake

Dada, gesi ingepungua na juu pangelegea. Nyama kuwa jiwe inasema kompresa na gesi viko sawa. Kilichokwama ni hewa.

Friji za aina hiyo baridi yote hutengenezwa juu, nyuma ya ule ukuta wa plastiki, na feni ndogo huisukuma hadi chini kwa njia maalumu. Barafu hujishika huko nyuma, na mara kadhaa kwa siku hita huwaka kuiyeyusha, maji hushuka kwenye trei juu ya kompresa yakakauka. Hita ikifa, au taima yake, au sensa inayohisi baridi, barafu hujaa mpaka ikaziba njia ya hewa. Juu kunabaki baridi kwa sababu pako karibu. Chini hapafiki kitu.

Jaribu hivi: toa kila kitu, chomoa, wacha milango wazi siku nzima, weka feni ya mezani iipulize, na matambara chini maana maji yatakuwa mengi. Kisha washa. Ikifanya kazi vizuri wiki moja halafu ugonjwa ukarudi, basi ni upande wa hita. Mwambie fundi apime hita, taima na sensa kwa mita. Na ukisikia feni inakwaruza kama inagonga kitu kabla baridi haijapungua, ni barafu hiyo inaifikia.

Kwanza kabisa tazama kama vyakula havijaziba matundu ya hewa. Ndoo ya samli ikikaa mbele ya tundu inatosha kuipa chini yote joto.

Mkojani

Fundi, sisi Kojani umeme ukikatika huwa hatulali, mtu ana samaki wa watu ndani. Tunafungua kila baada ya nusu saa kuangalia. Ni sawa?

FundiChake

Si sawa ndugu yangu. Kila ukifungua unamwaga baridi. Friza lililojaa likifungwa bila kuguswa hushika karibu saa 48. Likiwa nusu, kama saa 24. Sehemu ya friji ya kawaida ni saa nne tu, kwa hiyo maziwa na mchuzi wa jana ndivyo vya kuvihangaikia mwanzo. Friza lako likiwa na nafasi, jaza chupa za maji ziwe zinaganda. Zitakusaidia siku hiyo.

Nikupe na ujanja wa sarafu. Gandisha maji kwenye kikombe, weka sarafu juu ya barafu, kirudishe frizani. Ukisafiri ukarudi ukaikuta sarafu imezama katikati au chini ya kikombe, jua umeme ulikatika muda mrefu, vitu vikayeyuka vikaganda tena, hata kama unavikuta vigumu.

Na kwa samaki uwe mkali. Jodari na vibua wakikaa na joto hutengeneza kitu kinachoitwa histamini. Hakitoki kwa kuchemsha, hakitoki kwa kukaanga, hakiondoki ukimgandisha baadaye. Mtu hula akavimba uso, akawashwa mwili, kichwa kikamgonga. Samaki aliyekaa na joto saa nyingi usimwonee huruma ya pesa.

Tena msitie pishi zima la samaki wa moto kutoka juani kwa mara moja. Friza hilo ni la kuhifadhi, halina nguvu ya kiwanda cha barafu. Tandaza mafungu madogo, yagusane na kuta, yakishaganda ndipo uyapange.

FundiJangombe

Salaam fundi mwenzangu. Uzi mzuri. Mimi niko Unguja, naongeza upande wa umeme, maana huku ndiko kompresa zinakofia.

Friji nyingi tunazotumia zinataka volti 220 hadi 240. Jioni watu wote wakiwasha, baadhi ya mitaa huku inashuka sana. Kompresa haiwezi kuanza, inanguruma sekunde chache, inasikika "tak", kimya. Baada ya dakika chache tena, inanguruma, "tak". Ile "tak" ni ovalodi, kinga ya kompresa, inakata umeme ili kompresa isiungue. Ukiisikia hivyo chomoa, usiiache ipigane usiku kucha.

Na umeme ukirudi msiwashe papo hapo. Kompresa ikizimika, upande mmoja wa mabomba una gesi yenye msukumo mkubwa na mwengine mdogo. Inahitaji dakika tatu hadi tano msukumo ulingane. Ukiilazimisha kabla, ni kama kumwamsha punda aanze safari na gari limeshikwa breki. Kile kifaa kidogo cha kuchelewesha umeme kinachochomekwa ukutani kinafanya kazi hiyo, na bei yake si kitu ukiilinganisha na kompresa.

Kwa mafundi wadogo wanaosoma: msiseme "kompresa imekufa" kabla ya kupima. Ondoa relei, kile kifaa kidogo cha kuianzishia kompresa, pini ziko tatu. Pima mbili mbili kwa mita. Kipimo kikubwa kabisa, kati ya stati (pini ya kuanzia) na rani (pini ya kuendeshea), lazima kilingane na jumla ya vile viwili vidogo. Kisha pima kila pini na mwili wa kompresa, pasiwe na mawasiliano hata kidogo. Pini zikiwa sawa, badilisha relei kwanza. Ni kitu cha bei ndogo na mara nyingi ndicho kilichokufa. Mimi nasema kila nyumba iwe na stebilaiza, kile kifaa cha kusawazisha volti.

FundiChake

Sawasawa kabisa kwenye pini. Kwenye stebilaiza natofautiana kidogo. Nimeshakuta nyumba nyingi wamenunua ndogo mno. Kompresa ikianza huvuta umeme mara kadhaa kuliko ikishatulia, stebilaiza inashindwa, volti inazidi kushuka, na friji inaumia zaidi kuliko ingekuwa ukutani moja kwa moja. Kama umeme wako hauchezi sana, kile kifaa cha kuchelewesha chenye kukata volti ikizidi au ikipungua kinatosha. Huku Pemba umeme unapita waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010. Kabla ya hapo tulikuwa na majenereta ya Wesha, na wanaokumbuka enzi zile wanajua friji ngapi zilizikwa.

FundiJangombe

Huo ukweli siukatai. Huku kwetu mitaa mengine bila stebilaiza hulali, lakini ndogo ni hasara, nakubali. Na Unguja tulikaa gizani tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu. Siku umeme uliporudi watu walifurahi wakawasha kila kitu pamoja. Nilipokea friji mfululizo wiki nzima.

Nikumbushe pia kuhusu R600a, moja ya gesi za friji. Tazameni kibandiko cha nyuma ya friji, gesi imeandikwa pale pamoja na uzito wake. R600a inashika moto. Mtu akija na tochi ya kuchomelea bila kuitoa gesi nje kwanza na kufungua madirisha, mtoe yeye na tochi yake. Na ile gesi hutiwa kidogo sana, friji ya nyumbani pengine gramu 50 tu, kwa hiyo lazima ipimwe kwa mizani. Kukisia kwa gramu kumi ni kosa kubwa. Wala usikubali R134a, gesi ya aina nyengine, itiwe kwenye kompresa ya R600a kwa sababu "ndiyo iliyopo dukani".

FundiChake

Na filta, kichujio cha kunasa unyevu na uchafu, ibadilishwe kila mabomba yakifunguliwa, na hewa ivutwe yote kwa pampu kabla ya kutia gesi. Unyevu ukibaki ndani huganda kwenye mdomo wa kapilari. Friji inagandisha saa mbili, inaacha, inagandisha, inaacha, mwenyewe anadhani ina jini.

Mwanafunzi_Wete

Samahani kaka zangu, nimenunua friji ndogo ya mtumba kutoka Japani, bado sijaiwasha. Imeshuka leo melini, ililazwa.

FundiChake

Usiichomeke, mdogo wangu! Za Japani ni volti 100. Ukutani kwetu itaungua palepale. Soma kibandiko. Kikisema 100V, unahitaji transfoma ya kushusha, na iwe kubwa mara kadhaa kuliko wati za friji. Na kwa kuwa ililazwa, isimamishe hadi kesho. Mafuta ya kompresa yamemwagikia kwenye mabomba, yape muda yarudi.

MamaMakunduchi

Mwanangu, mimi si mtu wa kompyuta, mjukuu wangu ndiye anayeniandikia. Friji yangu inafanya kazi, inagandisha, lakini uniti za umeme za TUKUZA zinakwisha kama maji ya pakacha. Haizimi kabisa, usiku kucha inanguruma. Thamostati iko 6. Pembeni yake kuna jiko la gesi.

FundiChake

Shikamoo bibi. Mjukuu achukue noti ya elfu moja, aibane na mlango, nusu ndani nusu nje, afunge, kisha aivute. Ikishika, hapo pazima. Ikitoka bila ubishi, hapo panavuja. Afanye kuzunguka mlango mzima, na upande wa bawaba pia, watu huusahau.

Mpira ukiwa mchafu tu, auoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, aingie kwenye mikunjo kwa mswaki mkuukuu. Asitumie dawa ya kufulia nguo nyeupe, inakausha mpira. Ukiwa umejikunja, aukande kwa kitambaa cha maji ya moto mpaka ulainike, aunyooshe kwa vidole, afunge mlango, uachwe usiku. Aukaushe vizuri, apake vaselini kidogo sana upande wa bawaba. Ukiwa umepasuka, ununuliwe mwengine kwa kipimo cha mlango huo.

Na bibi, naomba uihamishe kutoka jikoni. Ikikaa karibu na moto, kazi yake yote ni kupigana na jiko. Iende upande wa kivulini ambako upepo unapita.

BintiMkoani

Fundi, narudisha majibu. Niliifungua siku nzima, maji yalitoka nusu ndoo. Imefanya kazi siku nane, jana chini kumeanza joto tena. Nimemwita fundi mwengine, amepima, hita imekatika. Gesi hakuigusa. Ameagiza hita Unguja.

FundiChake

Alhamdulillahi. Huyo fundi mshike. Wakati unangoja hita, rudia kuiyeyusha kila wiki, usiiache ijae. Na yule mama wa Machomane, kwa wanaouliza: nimekata kipande kile cha bomba, nimechomelea kipya, filta mpya, gesi kwa mizani, rangi juu. Leo siku ya kumi na mbili, barafu ukiigonga mezani inalia.

MamaMakunduchi

Marahaba mwanangu. Noti ilitoka pande mbili, pembe ya chini na kwa bawaba. Mjukuu ameosha, amekanda kwa maji ya moto kama ulivyosema, pembe imekaa. Friji tumeipeleka ukumbini. Jana usiku ilizima yenyewe. Nilidhani umeme umekatika nikanyanyuka, nikakuta taa inawaka. Ilikuwa imenyamaza tu, nasikia saa ya ukutani. Baadaye ikaanza tena.

FundiChake

Ndivyo inavyotakiwa bibi, iwashe na ipumzike. Sasa mjukuu aishushe thamostati kutoka 6 hadi 4. Aweke kipima joto ndani ya glasi ya maji, rafu ya katikati, alale nacho. Asubuhi kisome digrii 4 au chini kidogo. Kikizidi, apandishe nusu namba na kungoja siku nyengine kabla ya kugusa tena.